Jogoo anapanda vizuri, lakini mayai ya matetea wawili hayatoi kitu. Je, ni utando wa kiini unaokataa mbegu?

#1 Mtotoleshaji

Wakuu habari zenu. Nina kundi dogo la kuku wazazi, wote wa damu moja, chini ya jogoo mmoja. Kila yai naliandika namba ya tetea kwa penseli, kwa hiyo najua lipi limetoka kwa nani. Matetea wengi mayai yao yanatotoa bila shida. Ila wapo wawili, dada wa baba mmoja mama mmoja, ambao mayai yao nikiyamulika siku ya saba karibu yote ni meupe tupu. Jogoo anawapanda, nimeona kwa macho yangu. Wanataga sana, ganda zuri, kiini kimesimama.

Sote tumezoea kumlaumu jogoo. Mimi nadai huenda tatizo liko kwenye yai lenyewe, kwenye ule utando mwembamba unaozunguka kiini. Umejengwa kwa protini za jamii ya ZP, na mbegu ya jogoo ni lazima izitambue na kuzitoboa ndipo iingie. Protini ikiwa na kasoro ya kurithi, mbegu itabisha hodi weee na mlango hautafunguka. Na hawa ni ndugu. Mnasemaje?

#2 Bandani Mapema

Badilisha jogoo. Uzi umeisha 😄

#3 Mtotoleshaji

@Bandani Mapema mkuu, jogoo huyuhuyu ndiye anayewarutubisha wale wengine. Kama ni mbovu, mbona ubovu wake unachagua?

#4 Fundi Taa

Mleta uzi, kabla hatujafika kwenye protini, umeyavunja? Yai jeupe kwenye taa si lazima liwe halikurutubishwa. Kiinitete kinaweza kufa siku ya kwanza au ya pili na taa isikuonyeshe chochote. Yai lililorutubishwa, mpaka linatagwa, limeshakaa ndani ya tetea karibu siku nzima likigawanyika, na lina seli kama elfu 40 hadi 60. Kitu hicho kinaonekana kwa macho.

Chukua mayai mabichi ya hao wawili, ya siku hiyohiyo, usiyapitishe kwenye mashine. Vunja taratibu kwenye sahani, kisukume kiini mpaka doa jeupe lije juu, halafu weka mwanga wa pembeni. Lililorutubishwa lina duara la milimita 4 hivi, mviringo uliokaa sawa, kingo nyeupe na katikati pang'avu. Ambalo halikurutubishwa lina doa dogo la milimita 2 au 3, jeupe zito, kingo zimechanikachanika, na pembeni kuna viputo vidogovidogo. Ukiyaweka mawili kwenye sahani moja hutasumbuka tena kuyatofautisha.

#5 Mama Vifaranga

Naunga mkono Fundi Taa. Mimi nilikuwa napata mayai meupe mengi kila nilipokusanya kwa muda mrefu kabla ya kuwasha mashine, na chumba kilikuwa na joto. Nilipoanza kuyavunja nikakuta mengi yana duara, yaani yalirutubishwa vizuri tu na kiinitete kikafia njiani. Sasa sikusanyi zaidi ya wiki moja na nayaweka mahali pa baridi ya kiasi. Jogoo ni yuleyule.

#6 Mtotoleshaji

Mama V asante, lakini mayai yote nayaweka pamoja, trei moja, siku zilezile. Ya wengine yanatotoa. Hata hivyo nitayavunja kama mlivyosema.

#7 Dokta Manyoya

Nimefurahi kuona mtu anauliza habari za utando, maana mada nyingi hapa huishia kwenye chakula na chanjo. Niupange kwanza ili tuongelee kitu kimoja.

Kiini kikiwa bado kwenye ovari kinazungukwa na utando wa ndani. Huo ni ndugu wa ule unaozunguka yai la mnyama anayenyonyesha, na protini zake ni za ukoo uleule wa ZP. Kwa kuku zilizo nyingi ni ZP1, ZP3 na ZPD. ZP3 hutengenezwa palepale kwenye ovari, na seli zinazokizunguka kiini. ZP1 hutoka mbali: inatengenezwa kwenye ini kwa amri ya homoni ya estrojeni, inasafiri kwenye damu hadi ovari, na huko inaungana na ZP3 kuwa nyuzi za utando.

Kiini kikichomoka ovari kinadakwa na mdomo mpana wa mrija wa mayai. Hapo kina kama robo saa tu ya kukutana na mbegu. Baada ya hapo kinavikwa utando wa pili, wa nje, wenye protini za ovomusini na lisozaimu, na mbegu iliyochelewa hunasa humo. Kisha kinapata ute kwa muda wa saa tatu hivi, halafu tando za ganda, halafu kinakaa kwenye mfuko wa ganda karibu saa ishirini. Safari nzima ni saa 24 hadi 26.

Kwa hiyo dhana ya mleta uzi si ya ajabu. Utando wa ndani ndio mbegu inaoutoboa. Lakini kabla mbegu haijafika hapo imepita vikwazo vingi, na vingi vyake haviko kwenye yai kabisa.

#8 Sega la Asali

Nilisoma shuleni kwamba mbegu moja ikishaingia, yai linafunga na nyingine zinabaki nje. Inawezekana kwa hao wawili yai linajifunga mapema kabla hata ya hiyo moja kuingia?

#9 Kijana wa Maabara

@Sega la Asali hapana, hiyo ni ya wanyama wanaonyonyesha. Kwao mbegu ikiingia, yai linatoa kimeng'enya kinachokata ZP2, na utando unakuwa mgumu kwa mbegu nyingine. Kwa ndege mbegu nyingi huingia na hilo ni la kawaida. Moja tu ndiyo inayoungana na nukliasi ya seli ya kike (siyo kile kiini cha njano), zilizobaki zinasukumwa pembeni na kuharibika. Tena mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofanywa kwa kuku na kwa aina ya shorewanda ukaonyesha kwamba mbegu chache mno zikiingia, kiinitete kina hatari kubwa ya kufa mapema sana. Maana yake hizo "za ziada" huenda zina kazi.

Hii inamgusa moja kwa moja mleta uzi. Inawezekana mayai hayo yanapata mbegu, ila chache.

#10 Sega la Asali

Asante kijana. Kwa hiyo kuku hana mlango, ana geti la uwanja wa mpira 😂

#11 Kijana wa Maabara

Geti lenye mlinzi lakini. Mbegu hazitobolei popote zinapotua. Matundu yanajaa pale juu ya doa la uzazi, lile doa jeupe la Fundi Taa, na kupungua sana kwingine. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliokuta kwamba ZP2 ya kuku, ambayo ni kidogo sana ukilinganisha na ZP1 na ZP3, kwenye yai lililokomaa inabaki eneo lile la doa. Wengine wanaona hiyo ndiyo inayoziita mbegu pale. Wengine wanasema kazi ni ya sukari zilizoshikamana na protini, kwa sababu sukari hizo peke yake, zikitolewa kwenye utando na kuwekwa pamoja na mbegu, zinaifanya mbegu iachie vimeng'enya vyake vya kutobolea.

Umbo la ZP3 nzima lilipopatikana kwa mara ya kwanza, mwaka 2010, ilitumika ZP3 ya kuku. Kwa hiyo kuku wetu wamechangia sana hata elimu ya ugumba wa binadamu.

#12 Bandani Mapema

Yote mazuri, ila mimi bado niko kwa jogoo. Kumpanda tetea siyo kumpa mbegu. Jogoo mzito au mwenye miguu mibovu anapanda, anashika shingo, anashuka, na tundu halikugusana na tundu. Ukiwa mbali unaona kazi imefanyika. Mleta uzi, hao dada wawili wana manyoya mengi nyuma? Ni wakubwa kuliko wenzao? Nilikuwa na matetea wenye manyoya mazito, nikawapunguza kwa mkasi kuzunguka tundu, mayai yakaanza kushika bila kubadilisha chochote kingine.

#13 Mtotoleshaji

Wana maumbile sawa na wenzao. Manyoya ya kawaida. Migongo yao imenyonyoka kidogo kwa kupandwa, nadhani hiyo inaonyesha anawafikia.

#14 Mzee wa Upanga

Vijana, jogoo ana upanga wa aina gani, ule wa kichwani? Sikusikia mtu akiuliza.

#15 Mtotoleshaji

Shikamoo mzee. Upanga wa waridi, ule mpana uliolala.

#16 Mzee wa Upanga

Marahaba. Basi tulia usikilize. Sisi wafugaji wa zamani tulikuwa tunajua kwamba jogoo mwenye upanga wa waridi aliyerithi pande zote mbili, baba na mama, mbegu zake ni dhaifu. Aliyerithi upande mmoja hana shida. Anarutubisha, ndiyo, ila mbegu zake hazidumu wala hazishindani na za jogoo mwingine. Ukimweka na matetea wengi, wale anaowapanda mara kwa mara watashika, wale anaowapanda mara mojamoja watakosa.

#17 Kijana wa Maabara

Mzee umesema kweli na sababu yake inajulikana sasa. Mwaka 2012 walikuta kipande cha kromosomu ya 7 kimepinduliwa. Ncha moja ya kipande hicho inaamsha jeni mahali isipotakiwa, ndipo upanga unakuwa wa waridi. Ncha nyingine inakata jeni nyingine inayohitajika na mbegu, ndipo mwendo wa mbegu unadhoofika kwa jogoo aliyerithi nakala mbili.

#18 Mtotoleshaji

Sawa, lakini hiyo bado haielezi kwa nini wawe ndugu wawili. Kama ni kukosa zamu ya kupandwa, wangekosa matetea wowote wale.

#19 Tetea Mweusi

Samahani naingia katikati. Jogoo huyo ana undugu gani na hao dada wawili?

#20 Mtotoleshaji

Ni kaka yao kwa baba. Na wale wengine ni binamu zake, wengine mbali zaidi.

#21 Tetea Mweusi

Hapo ndipo. Tetea ana sehemu ya kuhifadhi mbegu, vijifuko vidogo sana pale mrija wa mayai unapokutana na uke. Mbegu zikikubaliwa humo zinakaa wiki mbili, hata tatu, zikitoka kidogokidogo kila yai jipya linapopita. Lakini zinazofika humo ni sehemu ndogo mno ya zilizoingia. Nyingi zinatolewa nje. Mwaka 2000 ilichapishwa kazi iliyoonyesha matetea wakimwaga mbegu za majogoo wa cheo cha chini kundini mara tu baada ya kupandwa. Mwaka 2013 ikaja nyingine kuhusu jeni za kinga: jogoo anayefanana sana na tetea kwa jeni hizo, mbegu zake chache ndizo zinazofika kwenye yai. Tena tofauti hiyo ilionekana walipopandana wenyewe, haikuonekana walipohimilishwa kwa mkono.

Kwa hiyo mlango upo, ila hauko kwenye kiini. Uko huku chini, na anayeufunga ni tetea mwenyewe kwa kaka yake.

#22 Sega la Asali

Mleta uzi umekamatwa unaozesha ndugu 🤣

#23 Mtotoleshaji

Sega acha hizo. Ninatunza damu adimu, na ukiwa na kuku wachache undugu hauepukiki. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Kama ni kasoro ya kurithi, ninaisambaza bila kujua.

#24 Dokta Manyoya

Wasiwasi wako ni wa haki, na ngoja niuongeze kidogo. Kama kweli ni jeni ya ZP, majogoo wanaweza kuibeba wakiwa wazima kabisa, kwa sababu wao hawatengenezi yai. Panya walioondolewa ZP2 au ZP3 wa kike hawazai, yai lao linakosa utando. Wa kiume wanazaa kama kawaida. Walioondolewa ZP1 wanazaa, ila wachache, kwa sababu utando unakuwa mlegevu. Kwa binadamu, mwaka 2014 ilielezwa familia ambayo wanawake wake walikuwa wagumba kwa kasoro ya ZP1, na kasoro hiyo ilihitaji nakala mbili, ya baba na ya mama. Wanaume wenye nakala mbili hawakuwa na tatizo. Baadaye, mwaka 2019, wakatumia ZP1 ya kuku kuonyesha jinsi nyuzi za utando zinavyofungwa pamoja na protini hii.

Kwa hiyo baba wa hao dada anaweza kuwa mbebaji, na jogoo wako wa sasa pia. Vifaranga wako wa kike wa kizazi kijacho ndio watakaoonyesha.

Lakini nina pingamizi moja kubwa. Utando huohuo ndio unaokishika kiini kisimwagike. ZP1 ikiwa mbovu, ningetegemea viini vinavyopasuka ukigusa tu ganda. Wewe umesema kiini kimesimama.

#25 Kijana wa Maabara

Dokta, pingamizi hilo halitoshi. Nguvu ya kiini kwenye sahani inatokana pia na ule utando wa nje, na huo hauna uhusiano na ZP. Halafu kasoro inaweza kugusa pale tu mbegu inaposhika, au sukari zinazobebwa, bila kugusa nyuzi zenyewe. Utando utasimama imara na bado mbegu isiutambue.

#26 Dokta Manyoya

Inawezekana kwa nadharia. Lakini kwa kuku sijaona mfano wa jeni kama hiyo ukielezwa. Tusije tukamuuzia mleta uzi ugonjwa ambao kwa ndege haujapewa hata jina, wakati kaka yao ndiye anayewapanda matetea hao.

#27 Kijana wa Maabara

Kutokuelezwa hakumaanishi haupo. Nani anavunja mayai ya tetea mmojammoja na kuangalia utando kwa hadubini? Tetea asiyetotoa anauzwa, habari yake inaishia hapo. Kuku wa maabara waliotufundisha mambo haya ni wachache sana ukilinganisha na kuku waliopo.

#28 Mama Vifaranga

Mimi naona mnaruka chakula. Mnampa nini? Kuna mfugaji jirani yangu aliletewa chakula ambacho kumbe kilichanganywa na dawa ya koksi (ule ugonjwa wa kuhara damu) ya kuku wa nyama. Mayai ya kahawia yakapauka, viini vikawa na madoadoa, na kutotoa kukaanguka.

#29 Dokta Manyoya

Hiyo ni nikabazini, dalili ulizotaja ndizo zake hasa. Ukiitoa kwenye chakula mambo yanarudi. Marekani inatumika kwa makusudi kuwapunguzia uzazi bata bukini na njiwa wa mijini, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba inavuruga utando wa kiini, hivyo hata hapa tunarudi kwenye utando. Mbegu za pamba nazo zina mafuta yanayobadilisha utando mpaka ute unakuwa wa waridi yai likihifadhiwa.

Lakini Mama V, chakula wanakula wote, na wagonjwa ni wawili.

#30 Mama Vifaranga

Wote wanakula, sawa, ila hawali sawa. Hao wanaotaga sana ndio wanaokula sana.

#31 Bandani Mapema

Mama V hakubali kushindwa, nampenda kwa hilo.

#32 Ini la Tetea

Dokta umesema ZP1 inatoka kwenye ini. Je, tetea mwenye ini lenye mafuta, hawa wanaotaga sana na kunenepa, hawezi kukosa ZP1 ya kutosha? Nimechinja matetea wa namna hiyo, ini linakuwa la njano na linapondeka kwenye vidole, na kabla ya hapo walikuwa wanataga ila mayai hayatotoi.

#33 Dokta Manyoya

Swali zuri. Ila ini ndilo linalotengeneza pia karibu vyote vya kiini, mafuta na protini zake. Ini likielemewa, ningetegemea utagaji ushuke kwanza kabla ya utando kuharibika. Na tetea mnene ana sababu nyingine za kutorutubishwa, mafuta tumboni na jogoo kushindwa kumfikia.

#34 Ini la Tetea

Ndiyo maana nauliza: mpaka anashuka utagaji, si anaweza kuwa ameshapita kipindi cha kutaga mayai yenye utando hafifu? Wako hapa waliotaga vizuri huku ini limeoza.

#35 Sega la Asali

Swali la pembeni wakuu. Kama utando unatambua mbegu, mbona kuku na kanga wanazaa chotara?

#36 Kijana wa Maabara

Kwa sababu hauchagui sana kwa ndege wa jamii moja. Ukiweka mbegu za jogoo kwenye utando wa yai la bata mzinga au kwale, zinatoboa. Kinachozuia zaidi ni kupandana kwenyewe, na baadaye kiinitete kushindwa. Chotara wa kuku na kanga wapo kweli, lakini ni wagumba.

Na hili, mkuu Mtotoleshaji, linaipunguzia nguvu hoja yako kidogo. Utando unaokubali mbegu za ndege mwingine kabisa, kumkatalia kaka wa tetea tu ni ngumu. Ukikataa, utakataa wote.

#37 Tetea Mweusi

Asante. Ndiyo maana nasema ni vijifuko vya chini.

#38 Mzee wa Upanga

Na ukifika kwa bata mzinga kuna jambo la ajabu zaidi. Miaka ya 1950 huko Beltsville, Marekani, waliona mayai ya bata mzinga wasiowahi kupandwa yakianza kukua yenyewe, na machache yakatotoa. Wote waliotoka ni madume. Kwa kuku ni nadra, na mara nyingi ukuaji unakwama mwanzoni. Nasema hivi ili mleta uzi akiona kitu kimeanza kwenye yai asikimbilie kusema mbegu imeingia.

#39 Mtotoleshaji

Wakuu, nimevunja. Ya hao dada wawili, mengi yana doa dogo zito, kingo mbaya, vilevile alivyoeleza Fundi Taa. Lakini machache yana duara safi kabisa, katikati pang'avu. Nikaweka pembeni ya yai la tetea anayetotoa na nikashindwa kutofautisha. Kwa hiyo mbegu inaingia mara mojamoja. Mashine yangu naitoa kwenye kesi.

#40 Fundi Taa

Safi. Hapo umevuka hatua ambayo wengi hawavuki. Na yale yenye duara yote yalikuwa ya dada mmoja, au wote?

#41 Mtotoleshaji

Wote wawili.

#42 Dokta Manyoya

Basi mlango uliofungwa kabisa haupo. Kasoro ya nakala mbili ya kuondoa protini nzima ningeitoa. Zimebaki mbegu chache kufika, kwa sababu yoyote kati ya zilizotajwa.

#43 Kijana wa Maabara

Au utando unaoshika vibaya, kiasi kwamba mbegu moja moja ndiyo inapita. Dokta, panya wasio na ZP1 umewataja wewe mwenyewe: wanazaa, ila wachache.

#44 Bandani Mapema

Mimi nasema tena: jogoo mgeni, asiye ndugu, asiye na upanga wa waridi. Wakishika, uzi umeisha.

#45 Tetea Mweusi

Usisahau kumwondoa wa sasa na kusubiri zaidi ya wiki tatu kabla ya kuhesabu mayai ya jogoo mpya. Mbegu za zamani zitakuwa bado zimo kwenye vijifuko. Ukihesabu mapema utampa mgeni sifa au lawama za kaka.

#46 Mzee wa Upanga

Na wakishika kwa jogoo mgeni, utajua ni undugu au ni upanga? Umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Tafuta wawili: mmoja mgeni mwenye upanga wa waridi, mwingine mgeni mwenye upanga wa kawaida.

#47 Ini la Tetea

Na kabla ya yote pima uzito wao.

#48 Kijana wa Maabara

Jogoo mpya hatasema chochote kuhusu utando. Jogoo mwenye mbegu nyingi na kali anaweza kuuzidi nguvu utando mbovu, na tutadhani tatizo lilikuwa undugu.

Kipimo cha utando ni hiki. Chukua mayai mabichi ya dada hao na ya tetea anayetotoa. Tenganisha kiini, kata utando, usafishe kwenye maji ya chumvi mpaka uwe mweupe. Kwa asidi hafifu unaweza kuutenga wa ndani na wa nje. Vipande vyote viwili viwekwe kwenye mbegu za jogoo mmoja, kipimo kilekile, joto lilelile, halafu vipakwe rangi ya Schiff na kuhesabu matundu kwa hadubini. Utando wa dada ukitobolewa sawa na wa mwenzake, nitaacha kuutetea. Ukitoka na matundu machache, Tetea Mweusi hana la kusema, kwa sababu hapo hakuna vijifuko wala tetea wa kumwaga mbegu.

#49 Tetea Mweusi

Nakubali kipimo. Ila ongeza kingine: angalia matundu ambayo tayari yapo kwenye utando wa ndani wa mayai ya dada, yaliyotobolewa ndani ya tetea, na uhesabu mbegu zilizonasa kwenye utando wa nje. Mbegu zikiwa nyingi zimenasa na matundu ni machache, utando ndio mkosaji. Vyote vikiwa vichache, mbegu hazikufika. Hiyo haihitaji jogoo wala asidi.

#50 Kijana wa Maabara

Hiyo ni nzuri kuliko yangu. Mtotoleshaji, viini vya leo umevitupa?

#51 Mtotoleshaji

Bado viko kwenye bakuli, nimefunika.

#52 Kijana wa Maabara

Viweke kwenye jokofu sasa hivi, sehemu ya baridi ya kawaida, visigande. Andika namba ya tetea kwenye kila kimoja na kama kilikuwa na duara au doa. Fundi Taa, wewe una hadubini?

#53 Fundi Taa

Ninayo. Rangi ndiyo sina.